Foleni Ndefu, Kituo Kitupu: Kenya Inavyowaandika Polisi na Inavyowapoteza

Serikali ya Kenya ikitangaza nafasi za makurutu wa polisi, viwanja hufurika kabla jua halijachomoza. Vijana huja kwa maelfu kugombania nafasi chache, wengine wakiwa na digrii, ilhali kazi yenyewe inadai wastani wa D+ katika mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE. Ukiutazama umati huo utasema nchi hii haina shida ya kupata polisi. Na kwa kuwa ni wachache mno wanaoandika barua za kujiuzulu, utasema haina shida ya kuwadumisha kazini pia. Hapo ndipo sera nyingi zinapoanza kukosea, kwa sababu Kenya ina shida zote mbili, ila hazina sura ile tunayoisoma katika habari za nchi nyingine.

Huko ng'ambo, uhaba wa polisi huwa na maana nyepesi: vijana hawaitaki kazi. England na Wales zilipunguza polisi kwa karibu 20,000 baada ya mwaka 2010, serikali ilipokuwa inabana matumizi. Mwaka 2019 serikali ya Boris Johnson ikaahidi kuandika wengine 20,000 ndani ya miaka mitatu, na mwaka 2023 serikali ikatangaza kwamba ahadi imetimia. Katikati ya mbio hizo, Novemba 2022, wakaguzi wa polisi walitoa ripoti iliyoonyesha kuwa baadhi ya watu waliopitishwa na wachujaji hawakustahili kabisa kuvaa sare, wakiwamo wenye rekodi za uhalifu. Machi 2023 ikafuata ripoti ya Louise Casey kuhusu polisi wa London, yenye maneno mazito kuhusu ubaguzi wa rangi, dharau kwa wanawake na uchujaji mbovu. Ninaitaja England kwa sababu moja: nchi yenye fedha, yenye kumbukumbu za kompyuta na karibu karne mbili za polisi wa kisasa, bado inashindwa kumjua vizuri mtu anayeingia mlangoni pake. Sisi tunajipa siku moja.

Idadi ndiyo lugha ya kwanza ya kila waziri wa usalama. Utasikia uwiano wa polisi mmoja kwa raia 450, unaotajwa mara kwa mara kama kipimo cha Umoja wa Mataifa, kisha utaambiwa tumepungukiwa na maelfu. Hesabu hiyo haisemi polisi waliopo wako wapi. Wengi wanalinda wanasiasa, nyumba zao na mashamba yao; wengine wako benki, wengine kwenye balozi, wengine wanapanga mafaili ofisini. Mwanamke wa Kilifi anayepiga simu usiku akajibiwa kwamba gari la kituo halina mafuta hatasaidiwa na makurutu elfu kumi wapya wasipopewa gari wala mafuta. Kabla ya kuuliza wangapi, ni haki kuuliza wale tulio nao wanafanya nini.

Siku moja uwanjani

Usajili wa makurutu hufanyika siku moja nchini kote, katika vituo vya kaunti ndogo, kuanzia asubuhi hadi jioni. Kijana anafika na bahasha ya kaki yenye kitambulisho na vyeti halisi. Umri uwe kati ya miaka 18 na 28. Anasimamishwa kwenye mti wa kupimia: mwanamume futi tano na inchi nane, mwanamke futi tano na inchi tatu. Anafungua kinywa wakague meno. Anavua viatu wakague nyayo. Kisha mbio, wengi wakikimbia pekupeku, na maafisa pembeni wakihesabu wanaofika. Mwanamke mjamzito haruhusiwi. Waliobaki wanaandikwa namba mkononi kwa kalamu ya wino mzito, wanakaguliwa vyeti na afya, na jua likielekea kuzama majina yanasomwa. Aliyesomwa anapewa barua ya mwito. Asiyesomwa anaambiwa ajaribu mwaka mwingine, na wapo waliojaribu mpaka umri ukawapita.

Angalia ni nini kimepimwa hapo: miguu, meno, kimo na karatasi. Hakuna aliyemkalisha kijana huyo nusu saa akamuuliza angefanya nini akikuta umati wenye hasira ukimchoma mshukiwa wa wizi. Hakuna aliyekwenda kijijini kwao kuuliza kama ana mazoea ya kupiga watu. Miezi michache baadaye atakabidhiwa bunduki na mamlaka ya kumnyima mtu uhuru wake.

Lakini kasoro kubwa zaidi imejificha mahali ambapo macho ya watu hayaendi sana. Tuseme kituo kimepewa nafasi ishirini, na ikifika saa nane mchana wapo vijana mia tatu waliofaulu kila kipimo: wana kimo, wamekimbia, meno yako sawa, vyeti ni halali. Nani atachukuliwa? Vipimo vyote vya siku hiyo ni vya kupita au kushindwa. Hakuna alama zinazojumlishwa, kwa hiyo hakuna wa kwanza wala wa mia tatu. Kutoka mia tatu kwenda ishirini kunategemea utashi wa watu waliokaa nyuma ya meza. Hapo ndipo simu zinapopigwa na wakubwa, na hapo ndipo bei inapozaliwa. Watu hulaumu tamaa ya maafisa, na tamaa ipo, lakini hata jopo la watu waadilifu likiwekwa kwenye meza ile halitakuwa na njia ya kumweleza kijana wa mia moja na tatu kwa nini si yeye.

Bei yenyewe haifichwi sana vijijini. Laki tatu, laki nne, hata zaidi, ndizo fedha ambazo zimekuwa zikitajwa miaka nenda miaka rudi. Familia huuza ng'ombe, huuza kipande cha shamba, hukopa kwa jamaa. Wengine hutapeliwa tu, kwa kuwa kila msimu wa usajili huzuka matapeli wanaojidai kuwa na mtu makao makuu, na pesa huliwa bila barua kutoka. Anayepata barua huingia chuoni na deni ambalo mshahara wa konstebo, ukitoa makato, chakula na pesa za kutuma nyumbani, hauwezi kulilipa ndani ya mwaka wala miwili.

Deni hilo halipotei akishakula kiapo, maana nyumbani wanamngoja. Kuanzia hapo usajili na mwenendo wa afisa barabarani vinakuwa jambo moja. Tume ya Huduma ya Polisi, NPSC, ilipoanza kuwapiga msasa maafisa mwishoni mwa mwaka 2013 chini ya mwenyekiti wake wa kwanza, Johnston Kavuludi, ilidai taarifa za M-Pesa. Kwa maafisa wa trafiki zilionekana pesa zilizozidi mbali mshahara, na nyingine zikitumwa kwa wakubwa wao. Mwenye matatu anayetoa hamsini kila asubuhi barabarani anajua pesa inakoanzia. Taarifa zile zilionyesha kwamba haiishii mfukoni mwa yule anayenyoosha mkono.

Mwaka ambao mahakama ilifuta kila kitu

Julai 2014 serikali iliwaandika makurutu 10,000 kwa mpigo. Malalamiko ya hongo yalikuwa mengi kiasi kwamba Tume yenyewe ilifuta matokeo ya vituo 36 na kuamuru usajili urudiwe huko. Mamlaka ya kusimamia utendakazi wa polisi, IPOA, ilikuwa imetuma waangalizi wake, na walichokiona kiliifanya ione kwamba kurudia vituo 36 hakutoshi. Ikaenda Mahakama Kuu. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo Jaji Isaac Lenaola alibatilisha usajili mzima, akisema uligubikwa na ufisadi na ukiukaji wa Katiba.

Ninaikumbuka hukumu hiyo kwa heshima, kwa sababu ilikuwa na gharama. Miongoni mwa wale 10,000 walikuwamo vijana wengi walioingia kwa jasho lao, bila kutoa hata shilingi, na barua zao zikawa karatasi tupu. Taasisi moja ya dola iliishtaki nyingine, na mahakama ikasema afadhali tuchelewe.

Kisha ikaja tarehe 2 Aprili 2015. Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku hiyohiyo Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wale makurutu 10,000 waripoti chuoni, amri ya mahakama ikiwa bado ipo. Alisema nchi inateseka kwa upungufu wa maafisa. Uchungu wa siku ile haukuwa wa mchezo, na ninaelewa kwa nini wengi walimuunga mkono. Hata hivyo, serikali haikulishikilia agizo hilo: usajili mpya ukafanyika mwezi huohuo wa Aprili, na Mei Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi wa Lenaola.

Kuna jambo la Garissa linalosahaulika katika mjadala huu. Kikosi maalumu cha Recce, chenye ujuzi wa kupambana na washambuliaji waliojificha na mateka, kilichelewa kufika kwa saa nyingi, na kilipoingia kilimaliza kazi kwa muda mfupi. Vifo vile havikutokana na ukosefu wa makonstebo wapya kutoka chuo cha polisi cha Kiganjo. Vilihusu ndege, mawasiliano, maonyo yaliyopuuzwa na maamuzi ya wakubwa. Janga likitokea, kuandika watu wengi ndilo jibu rahisi kutangazwa, hata kama haligusi chanzo.

Nani ashike mlango?

Kabla ya Katiba ya mwaka 2010, mkuu wa polisi aliteuliwa na Rais, na yeye pamoja na ofisi zilizomzunguka ndio walioamua nani aandikwe, nani apandishwe cheo na nani apelekwe Mandera kwa kuadhibiwa. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilionyesha matokeo yake. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati ya hivyo vilitokana na risasi. Mwaka 2009 kikaundwa kikosi kazi cha Jaji mstaafu Philip Ransley kilichotoa mapendekezo zaidi ya 200 ya kuibadilisha polisi. Waandishi wa Katiba wakagawanya madaraka. Kifungu cha 245 kinampa Inspekta Jenerali amri huru juu ya polisi, na kumzuia waziri asimwelekeze kuhusu kumwajiri, kumpandisha au kumfukuza afisa yeyote. Kifungu cha 246 kinaunda Tume na kuipa kazi ya kuandika watu, kuthibitisha uteuzi, kuamua vyeo na uhamisho, na kusimamia nidhamu. Kifungu hichohicho kinataka polisi waakisi mikoa na makabila yote ya nchi.

Ukivisoma haraka, vifungu hivi viwili havigombani: mmoja anaamuru, mwingine anaajiri. Lakini anayeamuru anataka pia kuchagua anaowaamuru, na kwa miaka kadhaa pande hizo mbili zimevutana, hata kuhusu orodha ya mishahara. Mwaka 2025 mvutano ulifika kileleni. Usajili wa makurutu 10,000 uliopangwa Oktoba 3 ulisimamishwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mwishoni mwa mwezi huo Jaji Hellen Wasilwa akaamua kwamba Tume haina mamlaka ya kuandika makurutu. Kazi hiyo, alisema, ni ya huduma ya polisi yenyewe chini ya Inspekta Jenerali. Hoja moja iliyobeba uzito ni kwamba Katiba inaitaja polisi miongoni mwa vyombo vya usalama wa taifa, na Tume si chombo cha usalama. Novemba usajili ukafanyika chini ya Inspekta Jenerali, baada ya vuta nikuvute nyingine mahakamani.

Mimi naona tafsiri hiyo inaturudisha karibu mno na tulikotoka. Neno la Katiba kwamba Tume "itaandika na kuteua" liliwekwa makusudi na watu waliokuwa wametoka kuzika ndugu zao. Hata hivyo sitadai kwamba Tume iliufanya mlango uwe safi. Usajili wa 2014 uliofutwa ulikuwa wake. Inspekta Jenerali na manaibu wake wawili ni wanachama wa Tume kwa mujibu wa Katiba, na majopo ya uwanjani yalijaa maafisa hawahawa wa kaunti ndogo. Ndiyo maana nasisitiza lile la vijana mia tatu kwa nafasi ishirini. Ukimpa mlango Inspekta Jenerali, au ukairudishia Tume, maadamu mchujo wa mwisho hauna alama zinazoweza kukaguliwa, simu zitaendelea kupigwa. Zitabadilisha namba tu.

Tanzania wana mlango wa namna nyingine. Kwao vijana wengi hupitia Jeshi la Kujenga Taifa, na maombi hufanyika kupitia mfumo wa mtandaoni. Hilo halikuwazuia kuona kasoro zao: Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyoundwa Januari 2023, ilipendekeza Jeshi la Polisi lisukwe upya liwe chombo cha kutoa huduma. Kompyuta husaidia kupunguza msongamano na kuacha kumbukumbu, lakini mfumo usiotangaza vigezo vya mwisho unaweza kuficha upendeleo vizuri kuliko uwanja.

Wanaobaki bila kubaki

Sasa tuje kwa wale walioingia. Kwa nini afisa wa Kenya haachi kazi? Sehemu ya jibu iko kwenye hati yake ya mshahara. Mkopo wa kwanza wa Sacco huchukuliwa mapema, mara nyingi kwa ajili ya kiwanja, ada za wadogo zake au deni lile la kuingilia. Sheria ya Ajira inataka makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara, na maafisa wengi wanaishi karibu na mpaka huo, wakipokea theluthi moja mwisho wa mwezi. Halafu kuna pensheni. Tangu Januari 2021 watumishi wa umma, polisi wakiwamo, wameingizwa katika mfuko mpya ambao mfanyakazi anachangia asilimia 7.5 na mwajiri asilimia 15. Nje hakuna kazi inayomngoja. Kwa hiyo anabaki. Takwimu za kujiuzulu zinaonekana nzuri, na serikali inaamini imefaulu kudumisha watu wake.

Nenda uone wanakoishi. Ransley alieleza, na baada yake wengi wameeleza, hali ya laini za polisi: nyumba za mabati za duara zilizokusudiwa mtu mmoja, chumba kimoja kinachogawanywa kwa pazia au shuka, familia huku na familia kule. Upande mmoja kuna mtoto mchanga, upande wa pili kuna koplo aliyerudi kutoka zamu ya usiku anayehitaji kulala. Mume na mke wananong'ona mambo yao yote. Afisa aliyekulia katika nyumba ya wazazi wake yenye vyumba vitatu anafika hapo akiwa mtumishi wa serikali na kugundua ameshuka.

Septemba 2018 Rais Kenyatta alitangaza mageuzi makubwa: maafisa wengi wa polisi wa utawala waunganishwe na polisi wa kawaida, sare mpya ya buluu, na maafisa walipwe posho ya nyumba wakapange mitaani badala ya kusongamana kwenye laini. Wazo la posho lilikuwa na utu ndani yake. Utekelezaji ulikuwa wa papara. Posho iliyotosha mji mdogo haikutosha Nairobi, kwa hiyo konstebo wa jijini alijikuta akipanga katika mitaa ileile anakokamata wauza mihadarati, akitoka nyumbani na sare ikiwa ndani ya begi. Kuna wenye nyumba wasiotaka kumpangisha polisi hata kidogo. Na kituo kikihitaji watu usiku wa manane, wako mbali, kila mmoja mtaa wake. Sera iliyokusudia kumpa afisa faragha ilimpa pia hofu mpya, kwa sababu ilitangazwa kabla nyumba hazijajengwa.

Elimu nayo imegeuzwa adhabu. Polisi iliwahimiza maafisa wake wasome, na waliopata digrii walilipwa kwa kiwango cha inspekta. Mwaka 2018 malipo hayo yakakatwa, wengi wakaamka na kukuta mshahara umeshuka ilhali mikopo waliyochukua kwa kuutegemea iko palepale. Wakaenda mahakamani kumshtaki mwajiri wao. Afisa aliyelala macho miaka minne akisoma sheria au uhasibu baada ya zamu ndiye hasa mtu ambaye kitengo cha upelelezi kinamhitaji kwa kesi za ulaghai wa mtandaoni. Mtu huyo ana njia ya kutokea: mashirika, benki, kampuni za ulinzi, kazi za ng'ambo. Anayeondoka Kenya ni yule mwenye pa kwenda. Kumhesabu kama mmoja kati ya laki moja ni kutojua hesabu ya upotevu wake.

Kuhusu mshahara, kikosi kazi cha Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, kilichoteuliwa na Rais William Ruto mwishoni mwa 2022 na kukabidhi ripoti Novemba 2023, kilipendekeza nyongeza ya asilimia 40 kwa polisi ikisambazwa kwa miaka mitatu kuanzia Julai 2024. Nyongeza hiyo ni haki yao. Hata hivyo pesa peke yake haitamaliza kinyongo kinachosikika katika kila kantini ya polisi, kinyongo cha vyeo na uhamisho. Konstebo anakaa miaka kumi na tano na cheo kilekile huku aliyeandikwa baada yake akipita na kuwa mkubwa wake kwa kuwa ana mtu juu. Mwingine anapelekwa mazingira magumu, Lamu, Wajir au Baringo, akisahauliwa huko, ilhali yupo ambaye hajawahi kutoka Nairobi. Kama mlango wa kuingilia ulikuwa na bei, hakuna sababu ya kutarajia kwamba ngazi za ndani ni za bure.

Mwezi Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, zaidi ya polisi 40 waliuawa walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Wengi wao walikuwa wametoka chuoni muda mfupi tu uliopita. Walipelekwa mahali wasipopajua, kwenye ardhi ambayo wapinzani wao waliijua kwa miguu, na wenye uzoefu walikuwa wachache mno kati yao. Unapopoteza koplo na sajini wazoefu kwa kukata tamaa, unabaki na watoto wa mwaka mmoja kazini wa kutuma kwenye bonde kama lile. Kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo maana halisi ya kudumisha maafisa: kuwa na mtu wa miaka kumi na miwili kazini, mwenye akili timamu na moyo wa kazi, atakayemwambia inspekta kijana, "Afande, hapa tusipite."

Na akili timamu yenyewe haitunzwi. Desemba 2021 afisa mmoja wa kituo cha Kabete, Nairobi, alimpiga risasi mkewe, akatoka na kuua watu wengine mtaani, kisha akajiua. Baada ya kisa kama hicho huzungumzwa habari za ushauri nasaha, na Tume imeunda kitengo chake. Tatizo analolijua kila afisa ni kwamba akikiri kuwa halali usiku, silaha huchukuliwa, posho za operesheni hukatika na jina lake husemwa kantini. Mkubwa wake ndiye anayesaini ruhusa ya kwenda kwa mshauri. Wengi hunyamaza, na chupa huchukua nafasi ya mshauri.

Kinachowezekana kesho

Mengi ya haya yanahitaji mabilioni na miaka: nyumba, magari, mishahara. Lakini mambo mawili hayahitaji chochote kikubwa. La kwanza, uhamisho katika mazingira magumu uwekewe muda maalumu, na tarehe ya kurudi iandikwe kwenye barua ileile ya kumpeleka, ili isitegemee huruma ya mtu. Ruhusa ya kumwona mshauri nayo itoke nje ya mkono wa mkubwa wa kituo.

La pili ni uwanja ule. Mbio zina muda, na muda una mshindi. Vyeti vina alama. Mahojiano mafupi ya watu watatu, mmoja wao akitoka nje ya polisi, yanaweza kupewa alama pia. Vyote vijumlishwe mbele ya vijana wenyewe, kisha orodha nzima ya mia tatu, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, ibandikwe kwenye ofisi ya kaunti ndogo na kila ofisi ya chifu kwa wiki mbili kabla basi la kwenda Kiganjo kuondoka. Asiyeridhika alalamike kwa IPOA ndani ya wiki hizo mbili, wakati bado jina linaweza kubadilishwa bila kuwaathiri wengine 10,000. Wananchi wa kaunti ndogo wanajuana. Wanajua nani alikimbia akafika wa tatu, na wanajua nani hakuonekana uwanjani kabisa lakini jina lake limesomwa. Usajili ujao ukitangazwa, swali la kumuuliza Inspekta Jenerali, mbunge wako na waziri ni moja: orodha ya alama itabandikwa wapi, na lini?